Mume wa Daktari

Milka alirudi nyumbani mchana, wakati ambao hakuna nesi anayerudi nyumbani, na shingoni hakuwa na ile kamba ya beji. Augustine, mumewe, alimwona akiingia naye akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. Asubuhi alikuwa amewapeleka watoto wa watu shuleni kwa basi, na kabla ya kwenda kuwachukua alikuwa anakaanga omena, wale dagaa wa ziwani, walizotumiwa kutoka Kisumu, dirisha likiwa wazi kabisa ili jirani wa juu asije tena kugonga akiwa ameziba pua.

"Leo mmefunga mapema, Mama Cheryl?"

"Hatujafunga. Ni mimi nimefungiwa."

Aliketi kitini bila kuvua viatu, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa haramu, na sheria yenyewe aliiweka yeye. Akasema mkuu wa manesi alimwita ofisini, akafunga mlango, akamsomea ujumbe kutoka ofisi ya leseni. Milka Onyango, muuguzi, alishtakiwa kwamba anajiita daktari na anatibu watu majumbani. Mpaka afike mbele ya kamati Jumatatu, asiguse mgonjwa. Beji aliiacha juu ya meza ya mkuu.

Augustine akacheka. "Wewe ujiite daktari? Wewe hata kwenye simu ukipokea hujitaji jina. Unasema tu haloo halafu unanyamaza."

"Basi kuna mtu ananitajia," Milka akasema.

Augustine akaacha kucheka. Akageukia omena zake, akazigeuza, ingawa zilikuwa zimeshageuzwa.

Yafaa kusema ukweli hapa. Katika jengo lile la mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huko Qatar, ambalo Wakenya walijaa kuanzia duka la chini hadi paani, hakuna aliyemwita Milka nesi. Aliitwa daktari. Ilianza siku Mwangi, mpishi wa hoteli, alipojikata kidole akapanda ngazi mbio akidondosha damu. Milka akamfunga vizuri, akamtuma hospitali ashonwe. Mwangi alipotoka akimshukuru Augustine, Augustine akamjibu mlangoni, "Usinishukuru mimi. Mshukuru daktari." Neno likashuka ngazi pamoja na Mwangi na halikupanda tena kurudi.

Augustine hakulirudisha. Alikuwa na sababu yake. Kibali chake cha kukaa nchini kiliandikwa jina la mkewe. Yeye ndiye aliyemleta, na akiondoka yeye, Augustine naye anaondoka. Wanaume wa jengo walilijua hilo na walimtania. Sasa, mwanaume akilazimika kukaa nchi ya watu chini ya jina la mkewe, ni heri mke huyo awe daktari. Hapo hata matani hupungua. Kinyozi wa chini alianza kumnyoa kwanza kabla ya waliomtangulia. Mtu akiandika kwenye kundi la simu kwamba kichwa kinamuuma, Augustine ndiye aliyejibu: "Ngoja nimuulize daktari." Wakati mwingine hakumuuliza hata, alijibu mwenyewe kwamba anywe maji mengi.

"Baba Cheryl," Milka akasema, "hizo omena zinaungua."

*

Jioni Job alibisha hodi. Job Kiprop alikuwa mlinzi, mtu mrefu wa maneno machache, mgonjwa wa presha, na alilala chumba cha ghorofa ya chini pamoja na walinzi wenzake. Aliingia akiwa ameshika kofia yake ya kazi.

"Habari ya jioni, daktari."

"Job, keti," Milka akasema. "Na hilo jina liache hapo mlangoni na viatu."

Job akatazama viatu vyake, kisha akamtazama Augustine, asielewe ni kipi kati ya viwili amekosea.

Hadithi yake ilitoka kidogo kidogo kama bomba la maji la jengo lile. Wiki iliyopita alianguka akiwa zamu huko The Pearl, mtaa wa matajiri, langoni, jua likiwa utosini. Gari la wagonjwa likampeleka kliniki moja ya Al Thumama ambako kampuni yao hutibiwa. Huko akahudumiwa na sista mmoja Mkenya, mkali lakini mzuri wa mikono.

"Akaniuliza kwa nini presha imepanda hivyo. Nikamwambia niliacha dawa. Akauliza kwa nini. Nikasema daktari aliniambia ni hiyo dawa ndiyo inanikohoza."

"Daktari gani?" Milka akauliza, ingawa alijua.

"Si wewe?"

"Na mimi nilikuambia uache dawa?"

"Hapana. Uliniambia hicho kikohozi kinaletwa na dawa, nirudi kwa daktari anibadilishie."

"Na ulirudi?"

Job akazungusha kofia. "Kurudi ni kuomba ruhusa kwa msimamizi. Msimamizi alisema kikohozi si ugonjwa, nikohoe nikiwa kazini. Nami nikaona bora niache dawa, kikohozi kiishe, tusikosane."

Ghorofa ya juu mtu alikuwa anaburuta kitanda.

"Sasa huyo sista," Milka akasema polepole, "alikufanyia nini?"

"Alinipima, akanichoma sindano, akaniandikia dawa nyingine. Hizi hazinikohozi."

"Aliandika yeye mwenyewe? Akapiga muhuri?"

"Eeh. Muhuri ni wake."

Milka akajishika paji la uso. Kwa mara ya kwanza tangu mchana alikaribia kucheka, lakini halikuwa cheko la furaha. "Job, hapa nesi haandiki dawa. Huyo si sista. Huyo ndiye daktari."

Job akalifikiria jambo hilo kwa uzito. "Lakini ni mwanamke," akasema.

"Na mimi je?"

"Wewe ni tofauti. Wewe Augustine alituambia."

Milka hakugeuka kumtazama mumewe. Hakuhitaji. Alimpa Job chai, akamsindikiza hadi ngazini, akarudi, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

"Nilikuwa natania tu," Augustine akasema nyuma yake. "Ile siku ya kwanza."

"Na siku zilizofuata?"

Augustine akachukua kitambaa, akaanza kupangusa meza.

"Mimi niliwasahihisha," Milka akaendelea. "Mwanzoni niliwasahihisha, mmoja mmoja. Halafu nikachoka, kwa sababu nikimsahihisha mmoja, wewe unamfundisha mwingine. Nataka unijibu kitu kimoja, Baba Cheryl. Kwani nesi ana ubaya gani?"

Usiku ule Augustine alilala akiangalia ukuta.

*

Kesho yake, baada ya kuwashusha watoto, alimchukua Job aliyekuwa na siku ya mapumziko, wakaenda Al Thumama kumwomba yule daktari, ambaye bila shaka ndiye aliyetoa taarifa, aondoe mashtaka. Milka hakumtuma. Alikuwa amemkataza, kwa kweli, lakini Augustine aliamini kwamba Mkenya kwa Mkenya hawawezi kushindwa kuelewana ugenini. Njiani alijipangia maneno. Angeanza na kumuuliza nyumbani ni wapi, apitie habari za hali ya hewa, kisha aingie kwenye jambo lenyewe akiwa tayari ni kama ndugu.

Walipoitwa, waliingia chumba kidogo chenye baridi ya friji. Nyuma ya meza alikaa mwanamke kijana mwenye miwani na nywele fupi, koti jeupe, na jina kifuani: Kendi.

"Habari yako, sista," Augustine akasema kwa uchangamfu wote aliokuwa nao. "Nyumbani ni wapi, Meru?"

Yule mwanamke akaweka kalamu chini. Aliiweka taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu ambacho angependa kukirusha.

"Unajua wewe ni wa ngapi leo?" akauliza.

"Wa ngapi nini, sis—" Augustine akajikamata, lakini alikuwa amechelewa.

"Mzee mmoja asubuhi nimempima, nimemwandikia dawa, nimemweleza ugonjwa wake. Akashukuru sana, kisha akaniuliza daktari anafika saa ngapi. Mwarabu ananiita daktari. Mnepali ananiita daktari. Nikiona paspoti ya Kenya, najua leo mimi ni sista." Akamgeukia Job. "Huyu namjua. Huyu alinikalia hapo kitandani, presha karibu impasue kichwa, ananiambia: sista, daktari wetu anasema hivi. Daktari wenu ni nani? Nikadhani mnaye mtu mwenye stetoskopu chini ya kitanda."

"Ni mke wangu," Augustine akasema kwa sauti ndogo. "Ni nesi. Leseni anayo."

"Ya unesi."

"Ya unesi. Daktari, nisamehe. Tumekuja kukuomba uondoe hayo mashtaka. Sisi sote ni watu wa nyumbani."

Kendi akavua miwani, akaisugua kwa koti. Alionekana kuchoka, na bila miwani alionekana mdogo kuliko alivyokuwa.

"Hamjui sheria, ndiyo shida yenu. Sheria ya sasa haimwangalii tu anayejiita daktari. Inamwangalia pia daktari aliyesikia akanyamaza. Mgonjwa akiniambia ameacha dawa kwa neno la mtu asiye na leseni ya udaktari, lazima nitoe taarifa. Nisipotoa, siku akianguka tena akafa, watafungua faili yake, waone nilijua. Hapo leseni inayokwenda ni yangu. Nimesoma mpaka macho yamekuwa haya. Unataka niipeleke wapi leseni yangu, baba, niivumbike?"

Augustine hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amekuja akidhani kuna mtu mbaya.

"Kwa hiyo huwezi kuondoa."

"Siwezi. Ikishaingia imeingia. Lakini Jumatatu nitakuwepo, nitasema nilichosikia, sitaongeza. Na huyu mgonjwa wangu aje aseme alichosikia, asiongeze." Alimnyooshea Job kidole. "Dawa unakunywa?"

"Nakunywa, sista," Job akasema.

Augustine akafumba macho.

*

Jumatatu walikaa kwenye benchi la ofisi ya leseni, Milka amevaa gauni lake la kanisani, Augustine shati la kola lililombana shingo. Job alivaa sare ya kazi kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Kendi alikaa benchi la upande wa pili akiwa na simu yake, akawapa salamu ya kichwa. Mfukoni Augustine alikuwa na maneno aliyoyakariri: yeye ni mtu mwaminifu, mkewe ni mtu mwaminifu, nchi hii wanaiheshimu. Alipanga kusimama ayaseme kabla ya mtu yeyote kuharibu mambo.

Hakupewa nafasi. Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu watatu, na katikati mwenyekiti, daktari mzee wa Kiqatari aliyevaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa ikanyooka. Pembeni alikaa mkalimani, mama wa asili ya Zanzibar, mwenye Kiswahili fasaha cha kuwatia Wakenya aibu. Augustine alipoinuka tu, yule mama akamwambia, "Tafadhali kaa, kaka yangu. Utaulizwa zamu yako ikifika." Akakaa.

Kendi alisema alichosikia. Aliulizwa kama ni kweli dawa ile huleta kikohozi. Akasema ni kweli, kwa baadhi ya watu, na kwamba angekuwa yeye angembadilishia. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Sheria, akasema kupitia kwa mkalimani, haiulizi kama maneno yalikuwa sahihi. Inauliza ni nani aliyeyasema na alijiita nani.

Milka akaulizwa kama aliwahi kujiita daktari.

"Sijawahi."

"Lakini jengo zima linakuita daktari."

"Linaniita."

"Kwa nini?"

Milka akanyoosha gauni lake magotini. Augustine akalegeza kola. Milka angeweza kumtaja mumewe hapo hapo, kwa neno moja, na lawama zote zingemwangukia yeye. Milka akasema, "Ni mazoea ya watu wetu," akaishia hapo.

Mwenyekiti hakuridhika, ilionekana usoni. Akaandika kitu. Wale wawili wa kando wakaandika pia. Milka akakunja mikono mapajani, na Augustine, aliyemjua miaka mingi, akajua kwamba moyoni alikuwa ameanza kufunga masanduku.

Ikaja zamu ya Job. Job alikuwa anatetemeka. Mwenyekiti alipoona hivyo akaagiza apewe kitu cha kunywa kwanza. Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu wa chai akisukuma kigari chake, mwanaume mnene wa makamo mwenye koti jeupe la vifungo lililong'aa. Akammiminia Job chai ya karak, ile nzito ya maziwa na viungo, akampa kwa mikono miwili.

Job akaipokea kwa mikono miwili naye. "Shukran sana, daktari," akasema.

Mtu wa chai akatabasamu, akaondoka. Mkalimani alikuwa ameanza kutafsiri, kisha akakwama.

"Samahani, mwanangu. Umemwita nani?"

"Yule daktari."

"Yule mleta chai?"

Job akatazama mlango, akatazama kikombe. "Ana koti jeupe," akasema. "Na hii ni ofisi ya madaktari."

Mkalimani akatafsiri. Mwenyekiti akaacha kuandika. Akauliza jambo, na mkalimani akalileta akijizuia kutabasamu: "Anauliza, kwenu kila mwanaume aliyevaa nyeupe ni daktari?"

"Kama yuko hospitali, ndiyo," Job akasema. "Mimi sijui kutofautisha. Nikimwita daktari asiye daktari, anafurahi. Nikikosa kumwita hivyo aliye daktari, anakasirika. Kwa hiyo bora kuwaita wote."

"Na wanawake?"

Job akamtupia Kendi jicho la wizi. "Wanawake ni sista."

"Hata aliyekuandikia dawa?"

"Huyo nilikosea. Nimeshaambiwa."

Mwenyekiti akainamisha kichwa, akaiangalia kanzu yake mwenyewe nyeupe kifuani, akawatazama wenzake. Mmoja akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuna dawa iliyokileta. Hata Kendi alikuwa amegeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika.

"Sasa," mwenyekiti akasema baada ya muda, "kama wanawake ni masista, huyu mama amekuwaje daktari?"

Job hakuwa mtu wa kusema uongo. Alikuwa ameambiwa asiongeze, na hakuna aliyemwambia apunguze. "Ni Augustine alituambia," akasema.

"Augustine ni nani?"

Augustine akasimama. Maneno aliyoyakariri aliyatafuta, hakuyakuta, labda yalibaki ndani ya basi.

"Ni mimi. Mume wake."

"Mkeo ni daktari?"

"Hapana. Ni nesi. Nesi mzuri sana."

"Mbona ukawaambia ni daktari?"

Mkalimani akamtazama kwa huruma, kama mtu anayesubiri uongo mdogo ili ausaidie kuvuka. Augustine akamwona Milka kwa pembe ya jicho. Hakuwa amegeuka.

"Nilikuwa naona raha," akasema. "Hapa nimeandikwa kwa jina lake. Nikaona ni heri niwe mume wa daktari. Yeye hajawahi kulitaka hilo jina. Mimi ndiye nililitaka."

Ilipotafsiriwa kwa Kiarabu ilionekana fupi zaidi. Mwenyekiti akaandika mstari mmoja. Kisha akamrudia Job, akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: alipoambiwa na huyu nesi arudi kwa daktari, kwa nini hakurudi? Job akasimulia habari za msimamizi na kikohozi kisicho ugonjwa. Safari hii hakuna aliyejizuia kucheka, kwa sababu hakukuwa na kicheko. Mwenyekiti akauliza jina la kampuni, akaliandika, akapigia mstari chini.

Uamuzi ulitoka kabla chai ya Job haijapoa. Milka angerudi kazini. Angepewa onyo, na onyo lingekaa kwenye faili yake: akiitwa daktari tena asipowasahihisha, leseni itachukuliwa bila kuulizwa mara ya pili. Kuhusu ushauri aliompa Job, alimwelekeza kwa daktari, na hilo ndilo linalotakiwa kwa nesi.

"Na wewe," mkalimani akamwambia Augustine, akileta maneno ya mwisho ya mwenyekiti, "anasema kama ni lazima ujisifu, jisifu kwa kazi yako. Anauliza unafanya kazi gani."

"Naendesha basi la shule."

Mwenyekiti akainamisha kichwa kwa heshima kamili. "Anasema wajukuu wake hupanda basi," mkalimani akasema. "Uendeshe polepole."

*

Walirudi kwa teksi, wakapitia hospitali Milka akachukua beji yake. Job alikaa mbele, akashuka mapema awahi zamu. Walipofika nyumbani Milka alivua viatu mlangoni, akaiweka beji mezani, akaenda jikoni kutazama kama kuna chochote cha kula. Augustine alibaki sebuleni, akafungua kundi la simu. Aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena, mwishowe akatuma maneno machache. Jengo zima likajibu kwa pamoja. Kinyozi aliandika kwamba foleni yake sasa ni ya wote. Mwangi aliuliza kama kidole chake nacho kirudishwe.

"Unacheka nini?" Milka akauliza kutoka jikoni.

"Wananicheka."

"Vizuri."

Lakini aliisema kwa sauti ya mtu anayekatakata kitunguu bila hasira. Baadaye kidogo akamwita aje awashe jiko, lile jiko ambalo huwaka tu likishikwa na mwanaume mkaidi. Augustine akaenda.

Zilipita siku tatu kabla ya mlango kubishwa tena. Augustine ndiye aliyefungua. Alikuwa Job, kofia mkononi, ameshika pakiti ya dawa.

"Hodi. Nataka kuuliza kuhusu hizi mpya. Daktari yuko?"

Ndani, kelele za vyombo zikanyamaza. Augustine akaegemea mwimo wa mlango.

"Daktari yuko Al Thumama," akasema. "Ana miwani na nywele fupi. Kampuni yenu sasa inatoa ruhusa, umeona mwenyewe walivyobandika tangazo. Nenda kesho. Na usimwite sista."

"Sawa," Job akasema. Akasita. "Na hapa kuna nani?"

"Hapa kuna nesi," Augustine akasema. "Anaitwa Milka. Ni mke wangu. Vua viatu, uingie ule."